Ordinatere ya zamani isiuzwe na majina ya wanamemba ndani

Mwaka jana, siku ya soko hapa Kpandroma, nilinunua kadi ya memori kwa kijana anayeuza vifaa vya telefone. Ilikuwa imekwisha kutumika, naye hakuficha. Nilihitaji mahali pa kuweka picha za mashamba ya viazi, maana mnyauko ulikuwa umeingia kwenye mistari ya wakulima wetu kadhaa, nikapiga picha karibu mia mbili kwa siku tatu. Jioni ya siku ya tatu nikabonyeza pasipofaa, picha zote zikafutika. Nikatafuta programu ya bure inayoitwa PhotoRec, ile inayofukua vitu vilivyofutwa, nikaiacha ichimbe usiku mpaka batri ya solare ikachoka.

Asubuhi picha zangu nyingi zilikuwa zimerudi. Ila zilirudi na wageni. Kulikuwa na picha za kadi za uchaguzi, upande wa mbele na wa nyuma, za watu nisiowajua. Kulikuwa na orodha: jina, kijiji, namba ya simu, kilo za kahawa, kilo zilizokataliwa, pesa iliyolipwa, tarehe ya malipo. Orodha moja ilikuwa na safu mbili za tarakimu ndefu zenye nukta ndani. Mimi ni agronomu, tarakimu za namna hiyo sina haja ya kuelezwa. Ni GPS. Zinaonyesha shamba la kila mtu liko wapi, kwa kukosea hatua chache tu.

Koperative yenyewe siitaji. Si ya hapa Kpandroma. Prezida wake ni mzee ninayemheshimu, nikampigia simu.

«Jambo papa prezida. Liste ya wanamemba wenu iko kwangu.»

«Liste gani, agronomu?»

«Ya kahawa. Na majina, na makuta ya kila mutu, na kadi zao za uchaguzi.»

Akanyamaza kidogo. «Ile tableti tuliuzisha. Lakini sekretere alifuta yote mbele ya kuuzisha. Alifuta mbele ya macho yangu!»

Na kweli alifuta. Sekretere hakuwa mzembe, alifanya kile ambacho karibu kila mmoja wetu angefanya, kisha kadi ikatolewa kwenye tableti, ikapita mikono sijui mingapi, ikafika kwenye meza ya yule kijana wa sokoni. Mimi niliigundua kwa ajali. Mwingine angeigundua kwa kutafuta.

Fikirieni daftari la depo. Gunia namba 14 liko kona ya kushoto. Ukikata mstari juu ya namba 14 kwenye daftari, gunia limeondoka? Liko palepale. Daftari tu ndilo linasema sasa kwamba nafasi ile ni wazi, na atakayeleta gunia lingine anaweza kuliweka hapo. Mpaka siku hiyo, yeyote anayeingia depo bila kujali daftari atalikuta. Kadi ya memori, flashi na diski ya ordinatere zinafanya vilevile. Ukibonyeza «futa», umekata mstari kwenye daftari. Hata ile formati ya haraka, ya sekunde chache, ni kama kuchukua daftari jipya jeupe huku magunia yote yakiwa bado ndani.

Niliposimulia jambo hili kwenye mukutano mmoja, mama mmoja wa kamati alinijibu bila kuzunguka: «Agronomu, mwizi wa huku hana haja ya ordinatere. Kijijini kila mutu anajua nani iko na kahawa.» Tulicheka wote, na ana sehemu ya haki. Lakini jirani anajua nyumba tatu, nne, tano. Liste inajua nyumba mia nne kwa mara moja, na inajua siku ya malipo. Tangu mwisho wa mwaka 2017 Djugu imepitia mambo ambayo sina haja ya kuwaelezea ninyi. Wengi wenu mlilala kwenye kambi za waliokimbia, na wengine mngali huko. Hapa kwetu jina na kijiji peke yake vinasema juu ya mtu mambo mengi kuliko angependa mgeni ayajue. Ongeza hapo pesa aliyopokea, namba ya simu inayopokea M-Pesa au Airtel Money, na mahali anapolima peke yake asubuhi. Kwa hiyo sitaki kusikia tena kwamba hizi ni hofu za watu wa mijini.

Na data hizi zinaongezeka kila msimu. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni yake namba 2023/1115: kahawa na kakao zinazoingia kwao ziwe na ushahidi kwamba hazikutoka kwenye msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lijulikane kwa GPS. Tarehe ya kuanza kuitumia imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kupima mashamba haikungoja. Vijana wetu wanazunguka na tableti, wanajaza fomu za KoboCollect, wanatuma. Wengi wanadhani fomu ikishatumwa imeondoka. Inaweza kubaki ndani ya tableti, nakala kamili, mpaka mtu aitoe kwa mkono au aiamuru programu itoe yenyewe baada ya kutuma. Ndiyo hivyo: tableti iliyochoka ya koperative ya wakulima ina siri nyingi kuliko sanduku la kesie.

Ordinatere nazo zinachoka, na sasa zinachoka kwa mafungu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Nimekwisha kuona depo zenye ordinatere tatu, nne zimelala chini ya magunia matupu, na kila juma anapita mtu anauliza: hizi munauza?

Tuwaangalie hao wanaouliza. Wako wa aina tatu. Wa kwanza ni mnunuzi wa mitraye, anapima kwa kilo, na kwake ordinatere na sufuria iliyotoboka ni kitu kimoja. Wa pili ni fundi, anatafuta vipande: skrini, kibodi, diski, memori. Huyu mara nyingi ni kijana mwenye bidii, na mimi mwenyewe nimetengenezewa simu na watu kama yeye. Lakini biashara yake ni kuuza vipande vikiwa vizima, na diski nzima inalipa kuliko diski iliyovunjwa. Wa tatu ni mtu mwenye karatasi na kalamu, anajitambulisha kama kampuni ya kuchakata, yaani ya kufungua vifaa na kutoa shaba, alumini na plastiki ili vitumike tena. Anasema atafuta data zenu bure. Huyu wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu wawili wa kwanza hawakuahidi kitu.

Mtaniuliza kama karatasi haitoshi. Benki kubwa ya Marekani, Morgan Stanley, ilikuwa na karatasi. Ilipotaka kuondoa mashine zake za zamani, ikawapa kazi kampuni ya kuhamisha na kutunza mizigo, ambayo haikuwa na ujuzi wowote wa kuharibu data. Kampuni ile ikaziuza maelfu ya vifaa kwa mwingine, huyo akaviuza kwa mwingine, mpaka vikafika kwenye mnada wa intaneti, baadhi vikiwa na habari za wateja ndani. Mwaka 2017 mtu mmoja wa Oklahoma, fundi wa kompyuta aliyenunua diski hizo, aliandikia benki kuiambia kwamba data zao ziko mikononi mwake. Ni simu ileile niliyompigia papa prezida, tofauti ni ukubwa tu. Mwezi wa Septemba 2022 tume ya Marekani inayosimamia soko la hisa iliitoza benki hiyo dola milioni 35, ikisema data za wateja karibu milioni 15 hazikulindwa.

Afrika nako tumeona. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari wa chuo kikuu cha British Columbia, Kanada, walikwenda Ghana wakanunua diski za zamani kwenye soko la Tema. Katika mojawapo walikuta maandishi ya mikataba ya Northrop Grumman, kampuni inayotengeneza silaha za Marekani. Kama kampuni ya silaha yenye walinzi na mawakili ilipoteza diski yake mpaka ikauzwa mezani karibu na bandari ya Afrika, sisi tunaofunga depo kwa kufuli moja tusijidanganye kwamba ahadi ya mdomo inatosha.

Kwa hiyo nafikiri swali tunaliuliza kwa kugeuza. Tunauliza: nani mwaminifu wa kumpa ordinatere yenye data zetu? Mimi nasema asipatikane mtu wa kupewa ordinatere yenye data zetu. Diski itoke kwanza, hapa, ifie hapa, mbele ya macho yetu. Kinachobaki ni chuma, plastiki na waya, na hapo ndipo tunapoanza kutafuta mchakataji mwaminifu, kwa sababu zingine ambazo nitazifikia.

Naijua hoja ya kesie: ordinatere bila diski bei inashuka. Ni kweli, inashuka. Mnunuzi atasema ameletewa boksi tupu. Mwambieni ndiyo, ni boksi tupu. Na kama mnataka kuipa shule, ambayo mimi naipenda kuliko kuuza, nunueni diski ndogo mpya, fundi aiweke. Shule itapata mashine inayofanya kazi na nyinyi mtalala usingizi.

Kuua diski si kazi ya kuogopesha. Diski za zamani zina sahani ndani, kama visahani vya kioo cha kujitazamia. Fundi wa kuchoma vyuma mwenye gurupu anaweza kuitoboa mahali pane kwa mashine yake ya kutoboa, matundu yapite sahani zote mpaka upande wa pili. Avae miwani, maana sahani za ordinatere ndogo za kubeba mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vipande. Diski za kisasa hazina sahani. Ni ubao mwembamba wenye vipande vyeusi vya mraba, na data imegawanywa kwenye hivyo vipande. Tundu moja katikati linaweza kupita pembeni bila kugusa hata kimoja, kwa hiyo kila kipande cheusi kivunjwe kwa nyundo mpaka kiwe unga. Kadi za memori na flashi ni vilevile. Hapana kuchoma moto! Plastiki ya vitu hivi ikiungua inatoa moshi mbaya, na watoto ndio wanaosimama karibu kutazama. Na kabla ya nyundo yoyote, batri iwe imekwisha kutolewa na kuwekwa mbali, kwa sababu batri ya litiamu ikitobolewa inaweza kuwaka mkononi.

Ziko ordinatere ndogo na tableti ambazo memori yake imeshonwa kwenye ubao, haitoki. Kwa hizo, na kwa telefone, kuna njia nyingine. Simu za Android za miaka hii ya karibuni hutunza data kwa kuifunga kwa ufunguo wa siri, na ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo unaharibiwa. Data hata ikibaki haisomeki. Hakikisheni kwanza kwenye mipangilio ya usalama kwamba simu imefungwa hivyo, kisha toeni akaunti ya Google, toeni kadi ya memori, toeni SIM. Ya SIM wengi wanasahau! SIM ya koperative yenye Orange Money au M-Pesa imesahaulika ndani ya telefone iliyouzwa, nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, na kesie akatembea na pikipiki siku nzima kuitafuta. Simu ya zamani sana, ambayo haina ufunguo huo, au iliyokufa isiyowaka, isiuzwe hata kidogo. Itolewe batri, ubao wake uvunjwe.

Kuna jambo moja linalopaswa kutangulia yote haya, na nisipolitaja mtanilaumu mwakani. Msivunje kabla ya kunakili. Kongo iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya hesabu inasema vitabu vya hesabu na karatasi zake za ushahidi vitunzwe miaka 10. Kwa hiyo hesabu za kampeni zilizopita zinakiliwa kwenye diski mbili za nje, zinafunguliwa kwenye mashine nyingine kuona kama kweli zinasomeka, moja inabaki kwa kesie, nyingine inakwenda mahali pengine kabisa, nje ya Kpandroma ikiwezekana. Tumekwisha kukimbia hapa, tunajua nyumba moja inaweza kupotea yote kwa usiku mmoja. Lakini vitu vingine havina haja ya miaka 10. Picha za kadi za uchaguzi, kwa mfano. Zilipigwa kwa uandikishaji, uandikishaji umekwisha, kwa nini zimekaa kwenye tableti nne tofauti? Kitu ambacho hamkukitunza hakiwezi kuibwa. Nchi yetu nayo ina Code du numérique, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo ndani yake kuna kanuni za kulinda data za watu. Anayekusanya majina ya watu ana wajibu kwao, hata akiwa ni koperative ya viazi.

Sasa tuje kwa chuma kilichobaki, na mchakataji mwenyewe.

Mtu atasema: data zimekufa, si basi tumpe yeyote? Hapana, na hapa nasema kama mtu wa udongo. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha batri za zamani kutoa risasi. Watu waliokaa kando ya ukuta wake walipata sumu ya risasi, watoto wakaugua. Mama aliyewahi kufanya kazi humo, Phyllis Omido, alipigana kwa miaka. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikapanda, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Risasi ikishaingia kwenye udongo haiondoki kama mbolea. Inabaki. Sisi tuna batri za solare kila upande, na nimeona mtu akimwaga asidi ya batri nyuma ya depo, hatua kumi kutoka kwenye bustani ya kabichi, ili batri iwe nyepesi kubebwa. Nilimgombeza kwa sauti ambayo sikuipenda baadaye.

Wachakataji wa kweli wako katika ukanda wetu. Rwanda kuna kituo cha Bugesera, kusini mwa Kigali, kinachoendeshwa na Enviroserve Rwanda. Nairobi kuna WEEE Centre, iliyozaliwa kutoka kwa shirika la Computers for Schools Kenya, lililokuwa likitengeneza ordinatere zilizotumika kwa ajili ya shule. Uganda serikali ilizindua kituo chake cha taifa Kampala mwaka 2021. Nawataja ili muwe na kipimo: mchakataji ni mahali penye ukuta, mizani, watu wenye glovu, na kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi yake. Mtu ambaye ana pikipiki na namba ya simu peke yake anaweza kuwa mkusanyaji mwema, lakini hajawa mchakataji. Aseme anapeleka wapi. Kama hasemi, au jibu linabadilika kila mukiuliza, hiyo inatosha.

Mimi ningemuuliza hivi, na ningeuliza mbele ya kamati ya uangalizi, sio prezida peke yake: Kibali chako kiko wapi, na kimetolewa na nani? Nani anapokea mzigo baada yako, na huyo naye anampa nani? Batri unazifanyia nini? Utatuandikia karatasi yenye namba ya kila mashine, ile iliyochapwa mgongoni, au karatasi ya «ordinatere 6» tu? Hilo la mwisho ndilo linalowachuja wengi. Karatasi isiyo na namba za mashine inaweza kuwa ya mashine yoyote duniani. Na bei: anayetoa bei kubwa kuliko wote kwa ordinatere iliyokufa, muulizeni ananunua nini ndani yake. Kazi ya kuchakata vizuri ina gharama, kwa hiyo mchakataji wa kweli mara nyingine atawaomba nyinyi mumlipe. Najua hilo halipendezi kusikia.

Msidhani kwamba basi tunapakia tu kwenye gari la Mahagi, tunapita mpaka wa Goli, tunashusha Kampala. Mkataba wa Basel, ambao Kongo na Uganda zote zimo, unasimamia taka hatari zinazovuka mipaka. Tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za elektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zinahitaji kibali cha nchi inayopokea kabla ya kusafirishwa. Mfanyabiashara anayewaambia «mimi napitisha, mpaka ninaujua» anawaambia kwa mdomo wake kwamba atavunja sheria kwa mzigo wenye jina lenu juu yake. Kibali hicho koperative moja ya Kpandroma haitakipata peke yake. Lazima koperative nyingi ziungane, mzigo uwe wa maana, na ofisi ya mazingira ya jimbo pale Bunia iingie ndani.

Na hapa nageuza kidole kwetu sisi wa mashirika, maana gazeti hili ni letu na nikinyamaza nitakuwa mnafiki. Tableti hizi nani alizileta? Siku ya kuzikabidhi tulipiga picha, kuna bango, kuna soda. Siku zinapokufa hakuna anayekuja. Mradi unafungwa, ripoti inaandikwa «vifaa vimekabidhiwa kwa walengwa», na mlengwa anabaki na sanduku la batri zinazovimba na majina ya watu mia nne. Nimeandika ripoti ya namna hiyo mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja. Nafikiri kila mkataba wa kutoa vifaa ungekuwa na mstari mmoja: anayeleta ndiye anayekuja kuchukua, au anaacha pesa ya kuchukulia. Magari yetu yanakuja Kpandroma yamejaa na yanarudi Bunia matupu. Nafasi ya kurudisha ordinatere sita haijawahi kukosekana. Wakati mwingine shirika likileta karatasi ya kusaini, koperative iulize mstari huo uko wapi. Kuuliza si utovu wa shukrani.

Mpaka siku hiyo ifike, tungoje vizuri. Mashine zisizo na diski na zisizo na batri hazina haraka, zinaweza kukaa depo mwaka mzima juu ya mbao, mbali na mvua. Batri za litiamu ziwekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, kila moja midomo yake imefunikwa kwa skochi. Batri za solare zisimame wima, zisifunguliwe, asidi isimwagwe. Kwenye daftari andikeni kila mashine: aina, namba ya mgongoni, nani aliitumia, diski ilitobolewa lini, nani alishuhudia. Mashahidi wawe watatu, mmoja wa kamati ya uangalizi, mmoja mwanamemba wa kawaida asiye na cheo. Nasisitiza huyu wa tatu. Majina ni yake.

Papa prezida wa ile koperative nilimrudishia habari zote, kisha kadi nikaivunja mbele yake na mbele ya sekretere. Sekretere alilia kidogo, nikajuta kwamba sikumwita kando kwanza. Baadaye wakanionyesha ordinatere mbili nyingine ndani ya chumba cha nyuma, ambazo mnunuzi alikuwa ameshatoa arabuni. Arabuni ikarudishwa.

Hapa Kpandroma, koperative tatu zimekubali tufanye kazi hii siku moja, juma la kwanza baada ya kuvuna viazi. Fundi na gurupu lake tumekwisha kumpata, mafuta tutachanga. Anayetaka kujiunga alete mashine, daftari lake, na nakala za hesabu zilizokwisha kujaribiwa kwenye mashine nyingine. Bila nakala hizo diski yake haitatobolewa, hata akiomba.